Simu ya Vitufe kwa Mkono Unaotetemeka

Watu wa Nyeri tunasingiziwa mengi, hasa sisi wanawake, lakini sijamsikia aliyetusingizia uvivu. Mimi nauza vifaranga. Siwaangui mwenyewe. Wanaanguliwa Sagana, kule chini kwenye joto, na mimi nikiwa hapa Gatitu nachukua oda za wafugaji wa kuzunguka mlima, nazituma Sagana kwa simu, na siku ya kuangua ikifika naelekeza gari, kila katoni iende kwa mwenyewe. Nimeifanya kazi hii tangu watoto wangu wakivaa sare za shule ya msingi. Ndiyo iliyowasomesha, ingawa mmoja wao alikuja kusahau kidogo, na huyo ndiye nitakayemsema hapa.

Kifaranga wa siku moja hana subira. Akitoka kwenye yai ana akiba kidogo tumboni ya kumvusha safari, basi. Akifika mahali penye baridi, hapajawashwa jiko, hapana maji, anakufa mbele ya macho yako na wala halalamiki sana. Kwa hivyo usidhani kazi yangu ni kuuza tu. Kazi yangu ni kujua nani amewasha bruda yake, ile nyumba ya joto ya kulelea vifaranga, na nani bado, na kumwambia dereva kabla hajaondoka. Ujumbe ukipotea, vifaranga wanakufa. Ni hivyo tu.

Sasa mkono wangu wa kulia ukaanza kutetemeka. Niliuona kwanza nikiwamiminia chai akina mama wa kanisa. Chai ikaenda kwenye sahani badala ya kikombe, nao wakacheka, wakasema nimeanza kuona mapenzi uzeeni. Nikacheka nao. Baadaye mkono wa kushoto ukafuata mwenzake. Daktari mjini aliniangalia, akaniambia nishike karatasi, nichore duara, niguse pua, mpaka nikamuuliza kama ananipima au ananichezea. Akasema si ule ugonjwa mbaya, hauniui, lakini pia hauniachi. Akanipa vidonge vya kuupunguza makali. Nilishukuru Mungu njiani yote nikirudi nyumbani, kisha nikafika, nikatoa simu kumwambia mume wangu, nikampigia mchungaji.

Hapo ndipo taabu ilipokuwa. Simu yangu ilikuwa ya kioo kama za watu wote siku hizi. Kioo hakijui kungoja. Ukikigusa kwa bahati mbaya, kwake umeamua. Kidole changu kilikuwa kikitua mara mbili mahali ambapo nilitaka mara moja, na kikiteleza kinafungua kitu ambacho sikukiomba. Nimewahi kumpigia mchungaji simu ya picha nikiwa chini ya ng'ombe, kitambaa kichwani, ndoo magotini. Mtu wa Mungu aliniuliza kama niko salama. Nilimwambia niko salama, na ng'ombe pia.

Najua utaniuliza kwa nini sikurudi kwa kabambe, zile simu ndogo za kubonyeza. Nilijaribu. Lakini Sagana wanatangaza kila kitu kwenye grupu yao ya mtandaoni: wangapi wameanguliwa, chanjo gani imefika, gari linaondoka saa ngapi. Wafugaji nao wananitumia picha za vinyesi vya kuku wao, samahani kwa kutaja, niwaambie kama ni ugonjwa. Kabambe haioni picha. Na ujumbe wa sauti? Sagana hawataki kabisa. Wanataka oda iliyoandikwa, ili kesho mtu asigeuke akadai hakusema hivyo. Hata mimi nisingekubali ya sauti. Nawajua wateja wangu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la baba wa mume. Si ombi, ni sheria, na anayeivunja atajibu maswali mpaka kaburini. Baba mkwe wangu alizaa wavulana watatu. Kila mmoja wao akaoa, akapata mvulana, akamwita kwa jina la mzee. Kwa hivyo nina wa Gatitu, ambaye ni mwanangu mwenyewe. Nina wa Sagana, mtoto wa shemeji yangu, ambaye ndiye dereva wa pikapu inayobeba vifaranga wangu. Na nina wa Kianyaga, mtoto wa shemeji mwingine, ana shamba la majani chai na anafuga kuku kidogo. Kwenye simu wamepangwa mmoja chini ya mwingine, jina lile lile kwa herufi kubwa, na mahali anapotoka kwa herufi ndogo za kutafutwa kwa miwani. Nyumba nyingi za huku ziko hivyo. Ukiita jina hilo sokoni Karatina wanageuka watu wa rika zote.

Ilikuwa Julai, ule mwezi wetu ambao ukungu unashuka kutoka mlimani na kukataa kuondoka. Mama mmoja wa Karatina, mteja wangu wa miaka, alinipigia asubuhi akaniambia amepata msiba, anaenda mazishi, vifaranga wake wasiletwe mpaka kesho. Nikamwambia pole, usijali. Nikachukua simu nikaandika kwa taabu: usipeleke wa Karatina leo, mwenyewe ameenda mazishi, wakae huko kwenye chumba cha joto mpaka kesho. Nikatuma. Jibu likaja mara moja, jina lile, maneno yale ambayo wote watatu wamefundishwa kuwajibu wakubwa: Sawa mama. Nikaiweka simu chini, nikaenda kulisha ng'ombe.

Kidole kilikuwa kimetua kwa wa Kianyaga. Yule kijana ni mpole sana, na kwetu mtu hamuulizi mama mkubwa wake anamaanisha nini. Alisoma, hakuelewa, akadhani ni jambo lililopangwa na mke wake, akajibu alivyolelewa. Wa Sagana naye hakupata kitu. Akapakia, akapanda mlima, akafika Karatina, akampa katoni mzee wa kulinda lango. Mzee wa watu akaziweka stoo, akafunga mlango vizuri ili paka asiingie.

Mwenye vifaranga aliporudi kutoka mazishi aliwakuta wamelaliana kwenye kona za katoni, wamekufa wakitafutana joto. Wachache tu ndio waliokuwa wakipumua. Alinipigia. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu, ningemjibu, tungepatana. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzika, kwamba wamekufa wengi na hajui awazike pia ama awatupe. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikalia. Sikuwa nimelia kwa sababu ya kuku tangu nianze kazi hii.

Nilimrudishia wengine, bila maneno, na akawapokea bila maneno. Lakini habari haikai Karatina. Jumapili iliyofuata mwanangu, huyo wa Gatitu, alikuja na mke wake baada ya ibada. Lazima nieleze kitu kuhusu huyu mtoto. Kwa kuwa ana jina la babu yake, mume wangu hajawahi kumwita kwa jina. Humwita "baba". Tangu akiwa ananyonya, anaitwa baba. Mtoto aliyeitwa baba kabla hajaota meno atajifunza wapi kunyamaza? Sasa ni mtu mzima, ana ofisi mjini, ana tai, na bado anaingia nyumbani kwangu kana kwamba amekuja kukagua boma lake.

Alikunywa chai kwanza, hiyo adabu anayo. Kisha akasema wameongea yeye na ndugu zake, na wameonelea nipumzike. Simu ya kazi ichukuliwe na mke wake, ambaye yuko mjini na mtandao ni mzuri. Mimi nikae, nifurahie wajukuu. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia mimi nimechoka. Akaangalia mikono yangu. Nilikuwa nimeificha chini ya leso.

"Mama," akasema, "hii kazi sasa inataka mtu ako na mkono imetulia."

Mume wangu alikuwa anaangalia dirishani kama mtu anayengoja mvua. Mkaza mwanangu alikuwa ameinamia kikombe. Nilitaka kumwambia huo mkono ndio uliomshika asianguke alipojifunza kutembea, lakini nikajizuia, maana hayo ni maneno ya mama anayeshindwa. Nikamwambia anipe mpaka siku ya kuangua inayofuata. Nikikosea tena, simu nitaipeleka mwenyewe mpaka kwa mlango wake. Akakubali. Walipokuwa wanatoka, mke wake alibaki nyuma kidogo akivaa viatu, akaninong'oneza kwamba yeye anaogopa vifaranga tangu utotoni, wakimkanyaga anasisimka mwili. Nikamwambia aombe basi mama mkwe wake afaulu.

Usione nacheka sasa. Siku zile sikulala vizuri. Nilijua kazi ikiondoka hairudi. Nimeona wenzangu walioambiwa wapumzike. Wanapumzika mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wanaanza kuuliza leo ni siku gani.

Jumatatu nilienda mjini, kwa yule Mhindi anayeuza simu karibu na soko. Naye ni mzaliwa wa Nyeri, babu yake aliuza blanketi kwenye duka lile lile, na anaongea Kikuyu kuliko watoto wangu. Nilimwambia nataka simu yenye kila kitu cha simu ya kioo, lakini yenye vitufe vya kubonyeza. Nilitarajia acheke. Alipanda ngazi, akatoa boksi juu kabisa nyuma ya picha ya mungu wao yenye shada la maua, akapuliza vumbi.

Alisema ni simu ya watu wa biashara, kampuni ndogo imeitengeneza kwa bei ya kawaida, na imekaa pale mpaka mke wake amemuuliza kama anataka kuioa. Vijana wanaiangalia wanacheka, wanasema ni ya makumbusho. Nusu ya juu ni kioo, nusu ya chini ni vitufe vya herufi zote, vidogo kama punje za mahindi. Bei yake haikunitoa jasho. Lakini mimi sinunui ng'ombe kwa kuangalia ngozi. Nikamwambia nataka kwenda nayo nikaifanyie kazi, na nikiona haifai nirudishe. Alifikiri, kisha akasema niache ile ya kioo kwake, niende.

Basi nikaihukumu. Niliikalia kama hakimu, bila huruma, kwa sababu sikuwa na nafasi ya kudanganywa na kitu kipya.

Nianze na mabaya. Kamera yake ni ya aibu. Nilipiga picha ya kinyesi cha kuku mgonjwa, kikaonekana kama ugali uliomwagika, nikarudia karibu na dirisha ndipo kikaonekana. Ni nzito, ukiiweka kwenye mfuko wa aproni inavuta upande mmoja. Picha nyingi zikiingia kwa mpigo inachoka, inafikiri kwanza, na mimi nangoja nikiilaani polepole. Sauti ya mlio ni ndogo. Kioo ni kidogo pia, huwezi kuangalia harusi ya mtu ukafurahia nguo. Na vumbi la chakula cha kuku linaingia katikati ya vitufe, lazima kila jioni uisugue kwa brashi ya zamani ya meno.

Na nilikuwa na kiburi changu kimoja kikavunjika. Nilipokuwa msichana nilisomea upigaji chapa hapa mjini, kwenye zile taipureta nzito, na nilikuwa mwepesi. Nikadhani vidole vitakumbuka. Vikumbuke nini! Kwenye hii unaandika kwa vidole gumba viwili tu, vingine vyote vinashikilia simu isianguke, na vidole gumba ndivyo ambavyo taipureta haikuvifundisha kitu ila kuruka nafasi. Siku ya kwanza niliandika polepole kuliko mtoto wa chekechea. Mume wangu alipita akaniuliza kama naandika Biblia upya.

Lakini siku ya pili niligundua kitu nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Nilikuwa nimeweka vidole gumba juu ya vitufe, mikono inatetemeka kama kawaida yake, na kwenye kioo hakuna kilichotokea. Hakuna herufi. Hakuna aliyepigiwa. Vidole vilikuwa vinatetemeka juu ya vitufe, navyo vitufe vimetulia vinaningoja. Ni mpaka nibonyeze, nisikie kile kibofyo kidogo chini ya ngozi, ndipo herufi inatoka, moja, ile niliyoitaka. Haki ya Mungu, nilikaa pale nikabonyeza na kuachia, nikabonyeza na kuachia, mpaka chai ikafurika jikoni. Kila kitufe kina ukingo wake, kidole kikifika kinajua kimefika, hata kama njiani kilikuwa kinacheza.

Nikaanza kuiheshimu. Betri naamka nayo na kulala nayo, na kesho yake bado ina nguvu. Inaandika hata nikiwa nimevaa glavu za sufu, na Julai yetu unaijua. Maji yakiidondokea haipagawi. Kisha nikarudi kwa Mhindi kumuuliza jambo, mke wake ndiye aliyenionyesha kubwa kuliko yote. Kila herufi unaweza kuipa kazi. Ukishikilia kitufe kimoja bila kuachia, kinakufungulia ujumbe wa mtu mmoja, huyo tu, hakuna orodha ya kutelezea. Tukampa wa Sagana herufi S. Wa Kianyaga akapata K. Wa Gatitu akapata G. Wale watatu wa jina moja, ambao walikuwa wamebanana kwenye kioo wakiningoja nikosee, sasa kila mtu na mlango wake. Mke wa Mhindi aliniuliza kama familia yetu haikuwa na majina mengine. Nikamwambia tunayo, ila hili ndilo linalofanya kazi.

Siku ya kuangua ikafika. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, huoni ua la jirani. Niliketi mezani jikoni, simu mbele yangu, leso mabegani. Na nani akaingia? Mwanangu. Alisema anapita tu, anaelekea kazini. Kazi yake iko upande ule mwingine wa mji. Hakukaa, alisimama mlangoni na kikombe cha chai, mgongo kwenye fremu, akiangalia. Sikumwambia kitu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa, sihitaji mtu wa kunikumbusha.

Nilikuwa nimekwishapanga kila kitu, na kama ilivyo desturi ya mambo yaliyopangwa, yakapanguka. Sagana wakatangaza kwamba mashine moja haikuangua vizuri. Vifaranga hawatoshi. Ningekuwa na mteja mmoja ningepumua, lakini siku ile nilikuwa na oda za watu wa kutosha, na kati yao yule mama wa Karatina, ambaye alikuwa ameagiza tena nami nikamwahidi, na wa Kianyaga, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameagiza vifaranga kwangu, nadhani kwa kunionea huruma. Gari lilikuwa linapakiwa tayari. Lazima nimwambie wa Sagana katoni za Kianyaga zipelekwe Karatina, na nimwambie wa Kianyaga wake hawaji, asiwashe jiko. Jumbe mbili, majina mawili ambayo ni moja. Nikizibadilisha, mama wa Karatina anawasha makaa bure na vifaranga wanakufa mikononi mwangu kwa mara ya pili.

Mikono ikaanza. Si kutetemeka kwa kila siku, ilikuwa inaruka. Hofu inajua mahali pa kukukamata. Nilijua mwanangu anaiona, kikombe chake kilikuwa kimekomea njiani, hakijafika mdomoni. Nikashusha kidole gumba juu ya S. Kikacheza juu yake, kikacheza, na simu ikanyamaza. Nikabonyeza na kushikilia. Ukafunguka ujumbe wa wa Sagana, yeye peke yake kwenye kioo, picha yake na pikapu. Nikaandika: katoni za Kianyaga peleka Karatina, mwenyewe yuko nyumbani, jiko limewaka, usiache kwa lango. Nikasoma. Nikasoma tena. Nikatuma. Nikashikilia K, nikamwandikia yule mpole kwamba wake wanachelewa, asiwashe kitu, na nikaongeza kwamba kama haelewi aniulize.

Wa Sagana akajibu: Sawa mama, Kianyaga zinaenda Karatina. Wa Kianyaga akajibu: Nimeelewa mama mkubwa, pole kwa kazi. Kila mmoja alijibu lililo lake. Niliyasoma majibu hayo kwa sauti, si kwa ajili ya mtu yeyote, na kama kuna mtu alikuwa mlangoni basi na asikie.

Kilichobaki ni kungoja, na kungoja ndiyo sehemu ngumu ya kazi yangu. Mwanangu hakwenda kazini. Alitoa viatu vyake vya ofisini akavaa gambuti za baba yake, akaenda kumwaga mbolea ya ng'ombe bila kuambiwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aoe. Ukungu ulianza kupasuka karibu na adhuhuri. Simu ikalia kwa ule mlio wake mdogo. Alikuwa mama wa Karatina. Hakusema hata jambo. Aliiweka simu yake karibu na bruda, nikasikia vifaranga, wengi, wote wanalia kwa pamoja ile sauti yao ya kutafuta chakula, na makaa yakipasuka chini yao. Kisha akasema wanakunywa maji. Nikasema asante, Mungu akubariki, nikakata, nikaweka kichwa mezani. Nafuu ile sijui niiseme vipi.

Nilipoinua kichwa mwanangu alikuwa ameketi mbele yangu, amenawa mikono, amekunja mikono ya shati mpaka viwikoni. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Nilikuwa nimeipika tangu ile Jumapili, ina pilipili na chumvi, na inaanza na neno "baba" kwa kejeli. Lakini kabla sijafungua kinywa alisema simu ibaki na mimi. Alisema hivyo tu, akiangalia meza. Hotuba yote ikanipotea. Mtu akishakuacha ushinde, maneno makali unayapeleka wapi?

Akaomba aione ile simu. Nikampa. Akaigeuza, akaipima uzito, akabonyeza kitufe kimoja, halafu kingine. Akaweka vidole gumba vyake viwili juu ya vitufe, akaviacha pale bila kuandika kitu. Na mimi nikaviangalia, kwa sababu mama huangalia mikono ya mtoto wake hata kama mtoto ana mvi. Vilikuwa vinacheza. Kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Alikuwa ameviweka juu ya vitufe vya simu yangu na vilikuwa vinacheza kama vyangu, na simu imetulia inamngoja.

Hakuinua macho. Nilielewa basi ni mkono wa nani aliokuwa akiuogopa Jumapili ile, aliponiangalia chini ya leso. Nikanyoosha mkono wangu juu ya meza, nikauweka juu ya wake, ikatetemeka pamoja.

"Mama," akasema, "kwa huyo Mhindi iko ingine?"